Kibonyeo Kisichofikika kwa Mkono: Jinsi ya Kuokoa Bodi ya Pikapu ya Zamani

Wakulima wengi wa skimu za upande wa Nakuru wana pikapu za zamani. Wengine walizirithi kwa wazee wao, waliopata mashamba baada ya mpango wa Eka Milioni Moja kuanza mwaka 1962. Wengine walizinunua zikiwa zimekwisha pita katika mikono mitatu au minne. Utaziona alfajiri katika barabara ya Dundori zikiwa na mikebe ya maziwa, au zikiteremka kutoka Molo na Mau Narok na magunia ya viazi. Ziko Peugeot 404, na mdogo wake 504 ambayo iliunganishwa Mombasa, na Land Rover ambazo hata mwenyewe hajui tena umri wake. Wazee watakumbuka kwamba 404 ndiyo iliyoshinda mashindano ya Safari mwaka 1963, kisha ikashinda mara tatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968, na sifa ile haijafutika mpaka leo.

Injini za motokaa hizi hazitusumbui sana. Ikichoka, fundi huifungua, huipima, na mara nyingi huiponya. Kinachozimaliza ni bodi. Vipande vipya vya bati kwa motokaa ya miaka hamsini havingoji dukani. Mtu hana budi kutafuta motokaa iliyokufa na kukata kutoka kwake. Tena sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza nchini motokaa iliyotumika ikiwa umri wake umepita miaka minane, kwa hiyo haifai kutumaini kwamba 404 nyingine itakuja na meli. Bati ulilo nalo ndilo lako. Ndiyo sababu yafaa mkulima ajue jinsi linavyotengenezwa likibonyea, hata kama yeye mwenyewe hatashika nyundo.

Kibonyeo cha katikati ya boneti ni jambo dogo. Fundi huingiza mkono mmoja nyuma ya bati akiwa ameshika kipande cha chuma kizito chenye uso laini, nami nitakiita hapa fuawe ndogo, na kwa mkono wa pili hugonga polepole kwa nje. Taabu inaanza pale ambapo mkono haufiki. Pikapu za zamani zina sehemu nyingi zenye kuta mbili za bati, ukuta wa nje na ukuta wa ndani, na katikati ni pango tu. Hivyo ndivyo ilivyo pembe ya kebini nyuma ya kiti, na kizingiti chini ya mlango, na sehemu ya chini ya mlango wenyewe, na pembe ya nyuma chini ya taa. Na kwa bahati mbaya hizo ndizo sehemu zinazogongwa zaidi shambani: nguzo ya lango, kisiki, pembe ya ng'ombe, au dereva anayerudi nyuma katika matope ya mwezi wa Aprili.

Mkulima mmoja wa upande wa Dundori ana 404 ambayo hubeba maziwa yake na ya majirani zake kumi na wanane, kila asubuhi kabla ya saa kumi na mbili. Siku moja alirudi nyuma akagonga kisiki cha mtarakwa kilichofichwa na majani. Pembe ya nyuma ikaingia ndani kiasi cha kiganja cha mkono. Alimpelekea fundi wa kwanza aliyemwona njiani. Fundi huyo alitoboa matundu kumi na mawili kwa keekee katika bati lililobonyea, akatia skrubu, akazivuta kwa koleo, na bati liliposimama katikati ya njia akaona yatosha. Shimo lililobaki akalijaza puti, akasugua kwa msasa, akapaka rangi. Ilipendeza kweli. Kazi ilichukua siku moja na bei ilikuwa nafuu.

Masika mawili yakapita. Asubuhi moja, katika mashimo ya barabara, puti ilianguka kipande kizima, kikubwa kama sahani ya chakula, na nyuma yake bati lilikuwa limetobolewatobolewa na kutu kama chungio.

Hapa yafaa nieleze jambo hili taratibu, maana ndilo lililo kubwa kuliko yote. Puti si dawa ya kibonyeo. Ni kama chokaa unayopaka juu ya ukuta: yasawazisha uso, haishiki nyumba. Ikiwa nyembamba, milimita mbili au tatu, na bati chini yake ni safi na limesimama mahali pake, itakaa miaka mingi. Ikiwa nene kama mkate, itapasuka, kwa sababu bati hutikisika na hupanuka kwa joto, na puti haifuati mwendo ule. Tena puti hunyonya maji ikiachwa bila rangi. Lakini ubaya mkubwa ni yale matundu ya keekee. Mwenye motokaa hutazama nje na kuona rangi. Maji yanapanda kutoka chini, ndani ya pango, yanaingia katika kila tundu na kukaa kati ya bati na puti. Kutu haiji kutoka upande unaoutazama.

Mkulima yule alimpeleka mgonjwa wake kwa fundi mwingine, mzee wa Nakuru aliyejifunza kazi ya bodi tangu ujana. Mzee yule alikuna kidogo kwa ukucha, akachungulia kwa tochi, akasema: "Mzee mwenzangu, bati hili halikuuawa na kisiki. Kisiki kililikunja tu. Lililoliua ni keekee." Nilikuwapo siku ile kwa shughuli nyingine za ofisi, nikaomba ruhusa nikae nitazame. Mimi ni karani, na kabla ya hapo nilifunzwa ualimu, si ufundi. Lakini mwalimu hujua mtu anayeijua kazi yake anapomwona, na haya yanayofuata ni yale niliyoyaona pale na kuyauliza kwa mafundi wengine baadaye.

TAFUTA NJIA YA KUFIKA NYUMA

Kwanza mzee aliondoa nyaya za betri, akahakikisha tangi la petroli liko mbali na moto. Asiyefanya hivyo kabla ya kuchomelea, mwondolee motokaa yako siku hiyo hiyo.

Pili hakugusa nyundo. Alifungua taa ya nyuma, akatoa vizibo vya mpira, akatoa kila kitu kilichofungwa kwa skrubu karibu na pembe ile. Pango likawa na milango mitatu ambayo fundi wa kwanza hakuiona. Katika mlango wa motokaa ni vivyo hivyo: ukitoa kitambaa cha ndani na kishikio cha kioo, utakuta matundu makubwa yaliyoachwa na kiwanda, na kupitia hayo waweza kufika karibu kila mahali. Mafundi wengi huanza kutoboa kabla ya kufungua.

Kupitia tundu la taa aliingiza chombo ambacho mafundi wa bodi hukiita kijiko. Ni kipande cha springi bapa ya motokaa, kilichotiwa moto na kupindwa, ncha yake ikafuliwa iwe bapa na pana, kisha ikasuguliwa mpaka iking'aa. Alikuwa navyo vijiko sita, kila kimoja kimepindwa kwa namna yake, na vyote alivitengeneza mwenyewe kwa springi za motokaa zilizokufa. Kijiko hutumika kwa njia mbili: kama fuawe ndogo yenye mkono mrefu, au kama mtaimbo wa kusukuma bati kwa nje. Ukisukuma, lazima kijiko kiegemee mahali imara, na kati yake na bati la ndani utie kipande cha ubao, la sivyo utaondoa kibonyeo cha nje na kufanya kingine ndani.

Mahali pasipofikiwa hata na kijiko, alitumia kabari za mzeituni wa porini, mti ambao nyundo haiupasui upesi. Na kwa kibonyeo kipana chenye uso laini, kama kile ambacho ng'ombe hufanya kwa kuegemea mlango, iko njia nyingine ya zamani ambayo ilinifurahisha: unaingiza kibofu cha mpira wa miguu kikiwa hakina pumzi kati ya kuta mbili, kisha unapiga pampu ya baiskeli polepole. Pumzi husukuma kila upande sawasawa, na bati hurudi kwa mlio mmoja kama wa debe. Njia hii haifai kitu kwa kibonyeo chenye mkunjo mkali.

SOMA KIBONYEO KABLA YA KUKIPIGA

Bati la motokaa likigongwa, haliharibiki lote kwa kiasi kimoja. Sehemu kubwa imebonyea kwa kuvutwa tu, na yenyewe inataka kurudi. Inayolizuia ni mikunjo michache migumu kando kando, kama pindo lililopigwa pasi katika kitambaa. Ukiipata mikunjo hiyo na kuilegeza, kibonyeo kikubwa hupungua chenyewe mbele ya macho yako. Ukipiga katikati kwa nguvu, bati hunyooshwa zaidi, likawa na nyama nyingi kuliko nafasi yake, na hapo kazi imekuwa ngumu mara tatu.

Mzee alipaka chaki juu ya bati, akapitisha ubao ulionyooka. Palipoinuka chaki ilifutika, palipoingia ilibaki. Kisha akavaa soksi mkononi na kupapasa huku na huku akiwa amefumba macho. Akanieleza kwamba vidole vitupu hukwama katika vumbi, bali kitambaa huteleza, na mkono husikia hata upungufu wa unene wa karatasi. Akaweka alama kwa chaki: hapa kisiki kilianzia, hapa kilimalizia. Kazi hurudishwa nyuma. Mkunjo wa mwisho kufanyika ndio wa kwanza kuondolewa.

Hapo ndipo nyundo ilipoanza, na ilikuwa nyundo nyepesi. Kijiko kilisukuma kutoka ndani chini ya sehemu iliyoingia, na nyundo ikagonga kwa nje juu ya tuta lililo kando yake, wala si mahali penye kijiko. Tuta likashuka, na bonde likapanda. Mtu aliyezoea kufua majembe angecheka kuona mapigo madogo namna ile, mamia kwa mamia, lakini baada ya saa tatu pembe ilikuwa imeanza kurudi na umbo lake.

KUVUTA KUTOKA NJE

Sehemu moja, pale kuta mbili zinapokutana na kushonwa pamoja, haikuwa na njia yoyote ya nyuma. Hapo ni kuvuta. Lakini badala ya kutoboa, mzee alichomelea vipete bapa vya chuma, vile wanavyoviita washa, vikasimama wima kwa mstari ndani ya mkunjo, akapitisha fito ya chuma katika matundu yao yote, na kuvuta fito ile kwa mtaimbo. Mvuto ukagawanyika kwa vipete vyote pamoja. Alipokuwa akivuta, kijana wake aligonga tuta polepole ili bati lilegee. Kisha vipete vilipindwa vikatoka, na makovu yakasagwa. Bati halikupata tundu hata moja. Iko pia nyundo ya kutelezesha, yaani uzito unaokimbia juu ya fito na kugonga kizuizi mwishoni. Ni nzuri, ila kwa mtu asiye na subira huvuta kupita kiasi.

Palipokuwa na bati lililonyooshwa, alilipunguza kwa moto. Alitia moto mahali padogo, pasipozidi shilingi moja, mpaka pakawa pekundu. Akapagonga kidogo pande zote na kijiko kikiwa nyuma, kisha akapapoza kwa kitambaa chenye maji. Chuma kikipoa hujikunja. Akarudia mahali pengine mbali kidogo, hakukaa pamoja, kwa sababu joto likikusanyika bati zima hujipinda.

Na kama njia zote zimeshindikana? Hukata dirisha. Yaani bati la ndani, lisiloonekana, hukatwa pande tatu na kufunuliwa kama karatasi ya kitabu. Fundi hufanya kazi yake, hulifunga, na kulichomelea nukta kwa nukta, akiruka kutoka upande mmoja hadi mwingine. Njia hii ni halali kwa pembe ya kebini na ubavu wa sanduku la mizigo. Katika kizingiti na nguzo za milango ni hatari, kwa maana hizo ndizo mifupa ya motokaa, na asikubali mtu yeyote kukatiwa hapo kwa ajili ya uzuri tu. Sehemu iliyokwisha liwa na kutu haina haja ya kunyooshwa. Mzee alikata lile chungio lote mpaka akafika penye bati zima, akachomelea kiraka alichokata katika mlango wa 404 nyingine iliyokufa.

Kazi ilichukua siku tatu. Kwa siku hizo maziwa yalikwenda kwa pikipiki, na mikebe miwili ikamwagika njiani, jambo ambalo majirani hawakulipokea kwa kicheko. Malipo yalikuwa zaidi ya yale ya mara ya kwanza. Lakini ukijumlisha kazi mbili, na maziwa, na bati lililopotea, utaona ni ipi iliyokuwa ghali.

WENYE LAND ROVER WASIFUATE HAYA YOTE

Land Rover ilipoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, chuma kilikuwa haba baada ya vita, kwa hiyo sehemu kubwa ya bodi yake ilifanywa kwa mchanganyiko wa alumini. Alumini haishiki kutu kama chuma, bali ina tabia zake. Ikigongwa hugumu, na ukiilazimisha hupasuka. Hulegezwa kwa moto mdogo, lakini haigeuki kuwa nyekundu kabla ya kuyeyuka. Fundi mgeni hungoja rangi ibadilike, na ghafula kuna tundu mbele yake. Mafundi wa zamani hupaka sabuni ya kipande juu ya bati na kulitia moto wa upole kwa nyuma. Sabuni ikigeuka kahawia iliyokaribia kuwa nyeusi, ondoa moto. Kisha tumia nyundo ya mti, kwa kuwa alumini hunyooka upesi chini ya nyundo ya chuma. Mahali inapogusana na chuma, kama kwenye boliti na miguu ya sanduku, huliwa ikawa unga mweupe. Hapo weka mpira au rangi katikati.

ULIZA KABLA YA KULIPA

Kama wataka kumpa mtu motokaa yako, mwambie neno moja mapema: asitie puti mpaka umekuja kuliona bati tupu. Fundi mwema atafurahi. Atakayenung'unika amekwisha kujibu. Ukija, vaa soksi mkononi nawe upapase. Na kama wanunua pikapu ya zamani, nenda na sumaku ndogo iliyofungwa katika kitambaa chembamba, uipitishe juu ya pembe na vizingiti na chini ya milango. Palipo na puti nene sumaku huanguka. Ikianguka pembe zote nne, punguza bei, au rudi nyumbani ukanywe chai. (Kwa Land Rover kipimo hiki hakina maana, kwa kuwa sumaku haishiki alumini.)

Kazi ya nje ikiisha, ile ya ndani haijaisha. Moto wa kuchomelea umeunguza rangi ya nyuma ya bati, nalo limebaki uchi ndani ya pango. Kwa hiyo, bati likishapoa kabisa, mzee alipuliza rangi ya kuzuia kutu kupitia tundu la taa, na ilipokauka akafuatisha nta iliyoyeyushwa, mpaka ikachuruzika chini. Kisha akazibua vitundu vya chini kabisa vya pembe ile, ambavyo kiwanda kiliviacha ili maji yatoke, na ambavyo puti ya fundi wa kwanza ilikuwa imeviziba.

Vitundu hivyo viko chini ya kila mlango na kila kizingiti. Mbolea ya chumvichumvi kama CAN na DAP hula chuma upesi ikipata unyevu, na maziwa yaliyomwagika nayo hayafai kukaa. Ukishusha mbolea, fagia sanduku, limwagie maji mengi, kisha upite na spoki ya baiskeli katika kila kitundu kimoja kimoja mpaka uone maji yanatoka.